Kielelezo Kilicholiwa Ijumaa Kuu

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo kidogo cha polisi, mwalo wa Nyabutare, Musoma Vijijini
Tarehe 5 Aprili 1994, kuanzia saa 3:20 asubuhi

Jina: Hyasinta Masatu, mjane wa marehemu Clementi
Umri: Miaka 58, kwa kukadiria
Kabila na dini: Mjita, Mkatoliki
Kazi: Mkulima wa mihogo, pia hubanika samaki
Makazi: Kijiji cha Nyabutare, upande wa Murangi
Shauri: Kuchoma moto mali ya mtu kwa makusudi

Mimi niliyetajwa hapo juu nimeonywa na Koplo Bernado kwamba niseme kweli tupu, na kwamba nikidanganya nitashitakiwa. Nimeitika. Na mimi nimemwomba kitu kimoja, aandike ninavyosema, asinitengenezee. Ameitika naye. Kusoma najua, nilifundishwa katika elimu ya watu wazima, kwa hiyo kabla ya kutia sahihi nitasoma mwenyewe.

Anayetuhumiwa ni mume wa binti yangu Getruda. Kwetu mama mkwe na mkwewe hawatazamani usoni, hawapeani kitu mkono kwa mkono, hawakai kiti kimoja, wala mama mkwe hatamki jina la mkwewe. Kwa hiyo hapa nitamwita mkwe. Koplo anamjua, ndiye aliyemfungia nyuma ya ukuta huu. Naomba iandikwe kwamba leo asubuhi nilipofika, mkwe alikuwa ametolewa nje ili chumba kifagiliwe, na askari wa zamu akatuketisha mimi na yeye kwenye benchi moja, akisema serikali haina mabenchi ya wakwe. Mkwe aliteremka akachuchumaa sakafuni, akautazama ukuta. Nami nilijifunika kanga usoni. Nimezika mume, nimezika watoto wawili, lakini aibu ya benchi lile sikuwahi kuionja.

Koplo anataka nianze na moto. Mimi naanza na ningu, maana moto haukujiwasha.

Ningu ni samaki wa ziwani, ila hazai ziwani. Mvua za masika zikishuka na mto Suguti ukabadilika rangi, hutoka ziwani kwa makundi, akapanda mto na tumbo lililojaa mayai, akataga huko juu kwenye majani yaliyofurika, kisha akarudi. Bibi zetu walimvua kwa migono, ile mitego mirefu ya matete yenye mdomo mpana. Mgono ulitegwa mdomo ukitazama juu ya mto, haukutazama ziwa hata siku moja. Anayepanda na mimba alikuta mgongo wa mtego, akapita pembeni. Anayerudi ameshazaa ndiye aliyeingia. Mwanamke aliyegeuza mgono wake ukatazama ziwa aliitwa mla mimba, na binti zake walikosa posa kwa sababu hiyo. Hatukuwa na muhuri wala afande. Tulikuwa na jina hilo tu, na lilitosha.

Miaka ile ya shida ya vitu, tulipofua kwa majani ya mpapai na kufumua magunia tupate uzi wa kushonea, nyavu za nailoni hazikuwepo madukani na ningu alikuwa tele. Alipumzika wakati sisi tunateseka. Kisha ikaja ruksa ya biashara. Sabuni ikarudi, sukari ikarudi, nyavu nazo zikaja kwa marobota. Viwanda vikaanza kununua sangara, minofu ikapanda ndege, sisi wenye ziwa tukauziwa mapanki, yaani mfupa na kichwa. Nimewahi kuyanunua, nayajua. Sasa sangara huvuliwa kwa ndoana, na ndoana inataka chambo. Akatokea mtu akagundua kwamba ningu mwenye mayai, akiwekwa ndoanoni bado hai, ni chambo kizuri kuliko vyote.

Hapo nilimtaja mtu huyo kwa jina lake na la baba yake. Koplo aliinua kalamu.

"Huyo ni mlalamikaji, mama. Jina lake liko kwenye jalada. Sema mlalamikaji tu, inatosha."

Haya, mlalamikaji.

Mwezi Julai mwaka jana mkutano mkuu wa kijiji ulipitisha sheria ndogo ya kumlinda ningu, na halmashauri ikaigongea muhuri. Inasema kwamba tangu mvua za kwanza za masika mpaka maji ya mto yatakapotakata, ni marufuku kuweka wavu au mtego wowote mtoni na kwenye mlango wa mto, na kwamba chombo kitakachokamatwa kitachomwa moto mbele ya wanakijiji. Aliyeihangaikia ni mkwe, maana ndiye katibu wa kamati ya mazingira. Alikwenda Musoma mjini kwa baiskeli mara nyingi, mpaka Getruda akaniuliza kama mumewe ana mwanamke kule Kitaji. Nikamwambia mwanamke wake ni ningu.

Mkutanoni sisi wanawake tulisimama. Mimi nilisema, "Migono yetu ina kosa gani? Sisi tulikuwaga tunatega ikitazama juu. Wafunge makokoro yao ya nailoni, watuachie migono."

Mkwe hakuweza kunijibu mimi. Alimgeukia mwenyekiti wetu, Mzee Pastory, akasema, "Mwenyekiti, naomba uwaambie akina mama kwamba sheria ikianza kuchagua haitakuwa sheria tena. Wenye makokoro watasema, mbona hao?"

Nilikaa chini. Niliona amesema kweli, ingawa ilinichoma. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Basi Jumamosi tarehe 14 Agosti 1993 tuliileta migono yetu mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, sisi wenyewe kabla ya kukamatwa, ili wenye makokoro waone na wakose la kusema. Wa kwanza kuchomwa ulikuwa wangu. Marehemu mama yangu ndiye aliyeusuka. Hakuna aliyeita kitendo kile kuchoma mali, na Koplo Bernado alikuwepo. Kiberiti kilikuwa chake. Nimemkumbusha sasa hivi, akasema hilo halihusiki na shauri hili. Nimesema liandikwe, ameandika.

Mnamo tarehe 29 Machi 1994, siku ya Jumanne, majira ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nilikuwa mtoni karibu na mlango wake pamoja na Getruda, tukitoa mihogo tuliyoloweka. Mvua ilinyesha usiku wa kuamkia siku hiyo na mto ulikuwa umejaa. Ningu walikuwa wameanza kupanda, nilisikia migongo yao ikichapa maji. Zamani walipita mchana kutwa. Safari hii lilikuwa kundi dogo, lakini nilifurahi, niliwahesabu kama mtu anavyohesabu jamaa waliorudi kutoka msibani.

Ndipo tuliposikia wimbo wa wavutaji. Wanaume walikuwa wakivuta kokoro, ule wavu mrefu unaokokotwa kutoka ziwani mpaka nchi kavu, na walikuwa wameziba mlango wa mto upande hadi upande. Lilipofika mchangani lilikuwa ningu watupu. Waliposhikwa matumbo yalifumuka, na mayai yakatapakaa mchangani kama uwele uliomwagika. Wavutaji waliyakanyaga. Hawakuwa na nia mbaya, yalikuwa kila mahali, hakukuwa na pa kuweka mguu.

Mlalamikaji alisimama kando ya pikapu yake. Aliniamkia vizuri sana. Sitamsingizia, si mtu mbaya wa maneno, na mwaka juzi nilipougua alinipakia bure mpaka hospitali.

Nikamwambia, "Mto umefungwa. Hujui?"

Akajibu, "Mama Getruda, si unanijuaga mimi? Mimi hapa sivui, natafuta chambo tu. Na ninyi mmemwekea sheria samaki ambaye hata kiwanda hakimnunui. Mngemwekea sangara ningewaelewa."

Nikasema, "Sangara hahitaji sheria. Ana wenyewe."

Alicheka. Getruda alikuwa ameshakimbia kumwita mumewe na kamati. Walipofika wavutaji walitawanyika, mlalamikaji akapanda gari akaondoka taratibu, wala hakukimbia. Kamati ilikamata kokoro. Samaki tuliwatia kwenye mabeseni yenye maji, na wengi walikuwa wazima bado. Mkwe alinipa mgongo akamwambia mkewe, "Mwambie mama, walio hai tuwarudishe mtoni upesi."

Nilikuwa nimeshainama na beseni. Koplo akafika kwa baiskeli, akapaza sauti kabla hata hajashuka: "Hakuna kugusa! Hivyo ni vielelezo."

Mkwe akasema, "Afande, aliyekufa mmoja anatosha kwa kielelezo. Hawa wana mayai."

Koplo akajibu, "Sheria mliitaka wenyewe. Sasa iacheni ifanye kazi."

Hivyo tuliwabeba sisi wenyewe mpaka kituoni, wanaume na kokoro mabegani, wanawake na mabeseni vichwani. Ningu walikuwa wakigonga pande za beseni juu ya kichwa changu. Walipunguza, walipunguza, na tulipofika kwenye mti wa bendera wa kituo wakanyamaza. Nimebeba vitu vingi maishani kwa kichwa hiki. Hicho ndicho ninachokisikia mpaka sasa.

Koplo alipokea kokoro na samaki, akatuambia turudi nyumbani, kwamba mlalamikaji, ambaye siku hiyo alikuwa mtuhumiwa, atapelekwa mahakamani Musoma. Mkwe alifurahi. Getruda ameniambia kwamba jioni ile aliimba akila, na yeye si mtu wa kuimba.

Mnamo tarehe 1 Aprili 1994, Ijumaa Kuu, majira ya saa kumi alasiri, tukitoka kwenye Njia ya Msalaba, nilipitia kituoni kuulizia siku ya kesi. Nje ya mlango nilisikia harufu ya mchuzi. Ndani niliwakuta Koplo Bernado na askari wawili wamezunguka sinia la ugali.

Koplo aliniona, akasema, "Karibu mama. Leo si hatuli nyama?"

Nilitazama bakuli. Ningu ana midomo minene ya kunyonya, hafanani na samaki mwingine, hata akipikwa kichwa chake kinakutambulisha jina. Mayai yalikuwa kwenye sahani ya peke yake, yamekaangwa na vitunguu.

Niliuliza, "Afande, hao si wale?"

Akasema, "Kielelezo kingeoza, mama. Tuliwabanika tangu Jumanne, lakini jokofu hatuna. Ungetaka tuwatupe, dhambi hiyo?"

Nikauliza, "Na kesi?"

Akasema, "Kesi gani sasa? Hakimu atauliza samaki wako wapi. Bila kielelezo atatucheka."

Nikauliza, "Na kokoro?"

"Mwenyewe alilichukua jana. Hatuwezi kushikilia mali ya mtu bila kesi."

Nilimwambia, "Afande, kielelezo kiko tumboni mwako." Alicheka, na askari wakacheka. Walinisogezea kigoda. Waliogopa kula nyama siku aliyokufa Bwana, hilo nawasifu, walishika mfungo. Niliondoka bila kuaga, na kwa umri wangu hilo ni tusi nililokusudia.

Naona Koplo hapa ameacha kuandika. Nimemkumbusha ahadi yetu. Amesema ataandika tu, maana hakimu husoma mistari inayohusu moto, hii mingine ataipita. Labda ni kweli. Kesi ya ngedere nimempelekea nyani, na bado ninaieleza, kwa sababu sina pengine pa kuipeleka.

Nilifika nyumbani nikamweleza Getruda, naye akamweleza mumewe aliyekuwa akipasua kuni. Mkwe akauliza swali moja, Getruda akanifikishia: "Hata mayai?" Nikasema hata mayai. Akaendelea na kuni mpaka kukawa na lundo la kutosha arusi.

Jumamosi tarehe 2 Aprili kokoro lilivutwa tena kwenye mlango wa mto, mchana kweupe, asubuhi mpaka jioni. Niliwaona nikiwa shambani. Mzee Pastory, mwenyekiti, aliteremka kuwakataza, akapanda tena bila kusema walichomjibu.

Mnamo tarehe 3 Aprili 1994, siku ya Pasaka, katekista alimaliza ibada majira ya saa tano asubuhi. Watu tulikuwa tunapeana mikono nje ya kanisa. Mkwe alisimama chini ya rimu ya gari inayotumika kama kengele, akaigonga mara moja, akasema maneno haya:

"Sheria yetu inasema chombo kichomwe mbele ya wanakijiji. Wanakijiji ni ninyi. Mwenyekiti yupo, katekista yupo. Mimi nateremka mwaloni sasa hivi, sijifichi. Anayetaka kuona aje."

Koplo hapa aliandika kwamba mtuhumiwa alisema "kwa hasira". Nimemwambia afute, na amekata kwa mstari. Hakuwa na hasira. Mwenye hasira nilikuwa mimi.

Tulimfuata, wengi tukiwa na nguo za sikukuu. Kokoro lilikuwa limetundikwa kwenye miti likikauka. Mtumbwi na kasia vilikuwa karibu yake, mkwe akavisogeza mbali kwanza, akasema hivyo havina kosa. Akamimina mafuta ya taa. Kisha akageuka akaomba kiberiti.

Hakuna aliyekuwa nacho. Wavuta sigara wote wa Nyabutare siku hiyo walikuwa wameokoka. Mzee Pastory, ambaye sahihi yake ndiyo ya kwanza kwenye ile sheria, aliinama kufunga kamba za viatu, na alizifunga mpaka moto ulipokwisha. Mkwe alisimama pale mbele ya kijiji kizima na chupa tupu mkononi. Nilimwona kwa pembe ya jicho, ndivyo ninavyomwonaga siku zote. Kijana wa watu aliendesha baiskeli mwaka mzima kwa ajili yetu, na sisi tulikuwa tunatazama vidole vya miguu yetu.

Mimi ni mbanika samaki. Kiberiti hakikosekani kwenye pindo la kanga yangu.

Koplo ameniambia, "Mama, hapo simama. Ukisema hilo utajitia hatiani." Amesema kwa upole, naona ana huruma kweli, na mama yake namfahamu. Lakini nimesema aandike.

Nilifungua pindo. Mkononi nisingeweza kumpa, kwa hiyo nilikiweka kiberiti mchangani, nikarudi nyuma, nikageuza uso. Nilisikia akikiokota. Nilisikia njiti. Nailoni haiungui kama matete ya migono, inayeyuka, inadondoka huku inawaka, na moshi wake ni mweusi na unanuka mpaka kwenye nguo. Ilipokwisha alikirudisha kiberiti mchangani palepale, akarudi nyuma. Nikakichukua. Hakuna aliyeshangilia. Watu walikwenda kula pilau.

Jumatatu tarehe 4 Aprili, majira ya saa mbili asubuhi, mlalamikaji alirudi kutoka Musoma alikokwenda kusherehekea. Alichutama kwenye majivu akiokota vyuma vya kokoro kimoja kimoja. Aliponiona akasema, "Mama Getruda, hata wewe ulikuwepo ukatazama?" Nilimhurumia kidogo. Kisha nikakumbuka yale mayai, huruma ikaisha. Saa moja baadaye mkwe alikamatwa nyumbani kwake, akiwa ameshavaa viatu, akiwangojea.

Hapo ndipo mwisho wa niliyoyaona. Koplo amesema bado kitu kimoja: nimtaje aliyechoma kwa jina kamili. Nimemwambia jina lake liko kwenye jalada, kama la mlalamikaji. Amesema hapana, la mtuhumiwa lazima litoke kinywani mwa shahidi, bila hivyo maelezo haya ni karatasi tu. Nimemuuliza ni sheria gani hiyo inayonizuia kumtaja tajiri na kunilazimisha kumtaja mkwe wangu. Alichonga kalamu ya risasi ambayo hata hakuwa akiandikia.

Getruda alikuwa mlangoni na chupa ya uji wa mumewe. Kutoka nyuma ya ukuta tulisikia sauti ya mkwe.

"Getruda, mwambie mama anitaje."

Getruda akaanza kulia.

"Mwambie nisipotajwa hakuna kesi. Ya ningu waliila, haipo tena. Hii ya kokoro hawawezi kuila, lazima ifike kwa hakimu, na hakimu ataniuliza kwa nini nilichoma. Nitamjibu. Nilitaka aulize, basi."

Getruda akanirudishia maneno yale, neno kwa neno, ingawa nilikuwa nimeyasikia yote. Ndivyo inavyopaswa.

Koplo aliweka kalamu chini akasema, "Mama, ujue kabisa. Kuchoma mali ya mtu ni miaka. Binti yako atakaa peke yake."

Nilimtazama binti yangu. Ana umri ule ule niliokuwa nao mimi nilipofiwa, na sikumlea aje akae hivyo. Nina uchungu na askari, nina uchungu na kijiji changu, na nina uchungu na mkwe pia, kwa kuwa alituamini. Laiti angekuwa mwongo kidogo kama wengine, leo angekuwa nyumbani anakunywa uji.

Aliyechoma kokoro ni Thadeo Magesa, mume wa binti yangu. Nimelitamka. Tangu alipooa kwangu hii ni mara ya kwanza. Nyuma ya ukuta nilisikia amekohoa.

Na aliyetoa kiberiti ni mimi, Hyasinta Masatu. Kile kilichochoma migono yetu kilikuwa cha Koplo, kilichochoma kokoro ni changu, na ndicho hiki ninachokiweka mezani. Naomba kipokelewe kama kielelezo. Hiki hakiliwi.

Niliyoyaona na niliyoyatenda ni hayo. Nimeyasoma mwenyewe, maneno yaliyokatwa nimeyaona, sina la kuongeza.

Sahihi ya shahidi: H. Masatu

Maelezo ya mwandishi: Mimi Koplo Bernado nimeandika maelezo haya kama yalivyotolewa, na nimeyafunga saa 6:10 mchana. Wino wa dole gumba uliandaliwa, haukutumika. Kielelezo kilichopokelewa: kiberiti kimoja, kina njiti. Sehemu inayohusu samaki haihusiani na shauri hili. Shahidi aliruhusiwa kwenda nyumbani. Hakwenda. Mtuhumiwa ametolewa kusubiri gari la Musoma, na shahidi ameketi naye kwenye benchi moja, uso wazi.

Sahihi: Bernado, Kpl.